Kilichotoka Tumboni mwa Lynnet

Jumamosi hiyo, jua la saa tano likiwaka Karungu, Nyakerario alikuwa akigeuza dagaa wa omena kwenye nyavu za kukaushia huku akimsubiri mganga aliyemdharau kabla hata ya kumwona. Kazi ya waganga hao aliifahamu vizuri. Kule kwao Kegonga, mjomba wake Kerosi alinenepa kwa kunyonya matumbo ya wagonjwa na kutema vipande vya nyama alivyovificha chini ya ulimi tangu asubuhi.

Mgonjwa wa leo alikuwa binti yake mwenyewe, Lynnet, wa miaka saba. Mwezi uliopita alikohoa siku mbili, ile corona iliyopita nyumba kwa nyumba, akapona akarudi kuruka kamba. Jumanne tumbo likaanza kumkata. Homa ikapanda ikakataa kushuka. Macho yakawa mekundu, midomo ikapasuka, na ulimi ukawa mwekundu kama nyanya.

Nyakerario alishaita bodaboda. Lakini Benta, mama mkwe wake, alikuwa ndani amemkumbatia mtoto, hataki kumwachilia.

"Hiyo ni sihoho," alisema Benta. "Kuna mtu mwenye jicho mbaya ameangalia huyu mtoto akikula, chakula ikakwama. Wakimdunga sindano kabla haijatolewa, atakufa."

"Mama, mtoto anaungua. Niachie niende."

"Mganga Obare aitoe kwanza."

Fanuel, baba wa mtoto, alikuwa ziwani, simu imezimwa. Nyakerario akameza hasira.

Obare alifika na koti la suti lililomshinda mabega, akikohoa kile kikohozi cha watu wanaojiona wakubwa. Nyakerario hakumpa hata kiti.

"Fungua mdomo," alimwambia.

"Madam, tusiongee mambo mingi..."

"Fungua!"

Akaingiza kidole, akakokota kipande cha samaki mkavu, akawarushia kuku. Mheshimiwa mganga! Akamvua koti, akamkunja mikono ya shati, akamlazimisha asukutue mdomo kwa maji mara tatu mbele ya Benta.

"Sasa nyonya," akasema kwa dharau. "Dakika tano, halafu naenda hospitali."

Obare alikuwa akitoka jasho. Alichanja chale moja ndogo, akaweka pembe yake juu ya tumbo, akanyonya. Akanyonya tena. Halafu akaacha.

Macho yakamtoka. Hakutema. Alifungua mdomo polepole, kitu kikadondoka kiganjani mwake.

Kilikuwa kidogo. Cheupe. Chembamba. Nyakerario akainama. Kilikuwa ngozi ya ncha ya kidole cha mtoto, na mistari yake yote.

Lynnet, ambaye hakuwa amesema neno tangu alfajiri, akafumbua macho.

"Hiyo ni yangu," alinong'ona.

Nyakerario akamshika mikono, akavikagua vidole. Kumi. Vyote vizima.

"Mimi sijawahi kutoa kitu," Obare alimnong'oneza. "Haki ya Mungu, hata siku moja." Akakiangusha kile kipande, akatoka mbio, koti akaliacha.

Tapeli na maigizo yake, alijisemea Nyakerario. Alikitia kile kipande kwenye kiberiti ili Fanuel aje ajionee ujanja wa mganga wa mama yake. Benta akamwachilia mtoto, na pikipiki ikaondoka.

Hospitalini Homa Bay daktari alimweleza kwamba moyo wa mtoto ulikuwa umevimba. Virusi vilishaondoka, lakini mwili ulikuwa bado unapigana, na sasa ulijipiga wenyewe. "Mngengoja hadi kesho, ningekuwa nakuambia mambo mengine," alisema. Wakamtundikia dawa. Siku ya tatu homa ikashuka, na siku ya kumi wakaruhusiwa kwenda nyumbani.

"Ngozi ya vidole itabambuka," daktari alimtahadharisha. "Usishtuke, ni kawaida ya ugonjwa huu."

Ikabambuka kweli. Kimoja baada ya kingine, vidole tisa. Kidole kidogo cha kushoto hakikubambuka. Ngozi yake ilikuwa mpya tayari, laini, ya waridi.

Nyakerario alikaa na jambo hilo siku mbili. Ya tatu akafungua kiberiti, akakiweka kile kipande juu ya kidole kile.

Kikaenea. Mstari kwa mstari.

Mpaka leo, ukimtaja Obare, Nyakerario anasonya na kumwita tapeli, tena kwa sauti kubwa. Lakini kiberiti hathubutu kukitupa; kila akikigusa, kina joto. Lynnet alishapoa kabisa, anaruka kamba. Ni kile kipande cha ngozi, humo ndani, ambacho bado kina homa.