Kitana cha Malkia

"Nge, hapa Kiota. Bibi harusi ameingia ukumbini."

Nge alikuna ndevu zake za bandia na kunong'ona ndani ya saa ya mkononi. "Yupi?"

"Hatujui. Mwizi ni mmoja wa hao ishirini na wawili ulioingia nao kasri kwa tiketi za saa nne asubuhi. Anataka kitana."

Kitana cha malkia wa mwisho. Dhahabu tupu, almasi saba. Kililazwa juu ya meza ya vipodozi katika chumba cha kulala, nyuma ya kamba nyekundu. Kikivuka lango tu, kabla ya jua kuzama kitakuwa ng'ambo kwa mnunuzi.

Nge alikuwa na bastola ya Glock kwapani, kitambi cha sponji tumboni, na miaka kumi na miwili ya kazi bila kosa. Alikuwa pia na tatizo moja. Tatizo hilo lilikuwa mbele ya msafara, limevaa koti la buluu la waongoza wageni.

Mkewe.

Mkewe aliamini kwamba mumewe anauza pampu za maji. Aliamini pia kwamba ana wivu wa kupindukia, na hapo hakukosea. Mwaka jana Nge alimfuata kwa siri hadi kwenye harusi ya rafiki yake, akakutwa amejibanza nyuma ya spika. "Ukinifuata tena hata mara moja," mkewe alimwambia, "nafungasha virago."

Kwa hiyo leo asitambulike kabisa.

Lakini yule mgeni mrefu kando ya mkewe!

Yule mrefu alikuwa mwandishi wa vitabu vya safari. Alishazuru makasri na ngome sitini, kwa maneno yake mwenyewe, na maneno yake yalikuwa mengi. "Kuna kasri moja lina vyumba mia tatu na choo kimoja," alisema. "Mfalme mwenyewe alikuwa anapanga foleni."

Mkewe Nge alicheka mpaka akashika ukuta.

Nyumbani alikuwa hajacheka hivyo kwa miezi minne. Nge alijua kwa sababu alikuwa akihesabu.

"Kiota, mtu wetu ni yule mrefu."

"Ushahidi?"

"Anachekesha mno."

"Nge, uko sawa?"

"Niko sawa."

Hakuwa sawa.

Wakaingia chumba cha kulala. "Haya ndugu wageni," mkewe alisema, "sote tutazame juu." Alisema hivyo mara sita kwa siku. Dari ya chumba kile imechorwa nyota mia nane za rangi ya fedha, na desturi ya kasri ni kumpa mgeni dakika nzima aitazame kimya. Vichwa vyote vikaelekea juu.

Isipokuwa cha Nge. Yeye alimkodolea macho yule mrefu, akingoja kuona kama atamtupia mkewe jicho.

Mrefu alitazama dari tu, mdomo wazi.

Dakika ikaisha. Watu wakaanza kutoka.

"Nge! Kidude chetu cha chini ya kitana kimelia! Kitana kimeondolewa mezani!"

Nge aligeuka. Kitana kilikuwa pale pale, kinameta. Cha bandia. Cha kweli kilikuwa kimebadilishwa hatua mbili tu kutoka mgongoni kwake.

Alimvaa mrefu koridoni, akambana ukutani, akampekua begi. Futi ya kupimia. Daftari la makasri yanayofaa kutembelewa. Mayai mawili ya kuchemsha.

"Mzee, nimekukosea nini?" mrefu aliuliza.

"Mwachie."

Mkewe alisimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Na uvue hizo ndevu, baba watoto. Unanitia aibu."

Nge alimwachia mrefu. "Umenijuaje?"

"Hiyo dari nimeiona mpaka nimeichoka. Wageni wakitazama juu, mimi natazama wageni. Leo wawili hawakutazama. Mmoja ana jicho ambalo naamka nalo miaka tisa sasa."

"Na wa pili?"

"Mama mwenye shali ya kijani. Eti aliinama kufunga kamba za viatu, na miguuni ana ndara! Nikataka kumfuata, nikakuona wewe, hasira zikanipanda. Amepita ngazi za nyuma..."

Nge alishaondoka.

"Kiota, funga lango! Shali ya kijani!"

Ngazi themanini, za mviringo. Alizishuka tatu tatu. Uani, Yamaha nyeusi ilikuwa inanguruma, na mwenye shali alikuwa ameipanda. Akageuka na bastola.

Risasi ya kwanza ilitoboa kitambi cha sponji.

Ya pili haikutoka. Teke la Nge lilimpata mkononi, bastola ikaruka, pikipiki ikalala chini na mwenyewe akalala pembeni yake.

"Kiota. Bibi harusi kapatikana. Kitana kizima, meno yote."

"Kazi safi. Mkeo unaweza kumwambia ukweli. Nakuruhusu."

Mkewe alikuwa kule chumbani kwa malkia, peke yake. Nge alimpa kitana, kisha kitambulisho.

"Sikukufuata, mke wangu. Mimi ni afisa wa usalama. Nilikuja kazini."

Mkewe alikisoma kitambulisho pande zote mbili. Aliona tundu la risasi kwenye sponji, akaligusa kwa kidole. Kisha akakaza uso.

"Kazi yenyewe ilikuwa kulinda kitana?"

"Ndiyo."

"Kimeibwa hatua mbili nyuma yako. Ulikuwa unamtazama nani?"

Nge alishawahi kuhojiwa na watu wenye koleo na nyaya za umeme, akawadanganya wote. Hapa alikosa uongo.

"Yule mrefu," alisema. "Nilimwonea wivu. Anakuchekesha."

Mkewe alimrudishia kitambulisho. "Kuhusu virago sijaamua. Tutaongea nyumbani. Sasa toka, nina wageni wengine."

Nge alivaa miwani ya jua. Alishuka taratibu, mikono mfukoni, walinzi wakampisha. Alipokaribia lango alisikia kicheko cha mkewe kutoka ghorofani, kirefu, cha mtu aliyeshika ukuta. Na sauti ya mwanamume.

Shingo ilimwasha.

Akatoka langoni bila kugeuka.