Sura ya Shalom mu Ordinatere ya Mbusa

Munapenda sana kunisumbua. Kilio kinaisha, bantu banakula bukari, ugali yetu, kisha mumoja ananigeukia, asema, Kambo, tuelezee ile ya ordinatere, ile kompyuta ya mufu. Miye nasema, muulize Kangwa. Njo yeye alifanya mambo. Lakini Kangwa akiulizwa anaangalia chini, na miye ninabakia na kazi ya kuelezea bupumbavu ya mujukuu wangu. Basi, mwikale. Na mwenye atacheka, atoke.

Kangwa ni mutoto ya binti yangu. Nilimulea miye, nilimulipia masomo na makala ya kupikia yenye nilikuwa nauzisha, miye mwenye niliacha masomo mbele ya kujua kuandika jina yangu muzuri. Akakomaa, akaoa, akazaa binti, Nono, akafungua kiduka mu ville, katikati ya muji, nyuma ya mabanki, pa kutengeneza ma-ordinatere. Bantu balimuita Docteur, na yeye akajivalisha koti nyeupe. Ile jina njo ilimuharibu. Alianza kutembea sawa muntu mwenye anaogopa kukunja shingo.

Mwaka ule njo miji ya Kivu ilianguka mu mikono ya bantu ba bunduki. Mabanki ya kule yalifunga, bantu balishuka kwetu Lubumbashi na bintu ku kichwa, bengine kwa ndege, bengine kwa bateau, mashua kubwa, na kamiyo kupitia Pweto. Mu bale ba Pweto kulikuwa Kahambu, muke ya Mbusa, Munande moja wa Kivu mwenye alikuwa anauzisha bidhaa za jumla kule kwao. Pa kupanda bateau kule kwao risasi zililia, bantu bakasukumana, na binti yao Shalom akaachia mukono ya mama yake. Katoto kadogo, meno mbili ya mbele yalishang'oka. Mbusa alimuacha Kahambu apande na bintu, yeye akakatala kuendelea na safari. Alirudia ku muji mu mvua, anatembea mu matope, anaulizia nyumba kwa nyumba, mpaka homa ikamuangusha. Alikufa mu njia, akazikwa kando ya barabara na bantu benye habakumujua. Hakukuwa kilio. Hakukuwa hata wimbo.

Bale benye kutafuta batoto benye balipotea balimuambia Kahambu alete photo. Telefone, bantu ba bunduki balishaikamata. Photo zote za Shalom zilibakia mu ordinatere ya Mbusa, yenye Kahambu alificha mu gunia ya samaki ya kukausha mpaka huku Lubumbashi. Ilikuwa ingali inawaka, lakini inahangaika, inajizima, inaanza tena. Akaipeleka kwa Kangwa na akamuambia neno moja tu:

«Docteur, utoshe photo kwanza. Mashini ikikufa kisha, ikufe.»

Nilikuwa pale, nilimuletea Kangwa chakula. Nilimuambia ile ni kitu ya mufu, na lufu, ile kivuli ya kifo, haijatoshwa. Kwetu, mufu mwenye hakuliliwa, haushike bintu yake ovyo. Unamuita jina, unamwanga bunga kidogo chini, unamuambia unatafuta nini. Ni kupiga hodi, basi. Kangwa akaniuliza mbele ya baclient kama nitaita ule baba juu atuambie mot de passe, neno ya siri ya kufungulia mashini. Bote balicheka. Nilibeba sahani yangu na chakula ndani, nikaenda.

Sasa musikilize vile alifanya. Kutosha photo kwanza ilikuwa kazi ya kufungua mashini, kutosha disque yenye kuchunga photo, kuiunga ku mashini ingine. Kangwa aliona ni kupoteza wakati. Akaanza moja kwa moja kutengeneza système, ile programu ya kuwashia mashini, mu ile ile disque ya photo. Batri ya mashini ilishakufa zamani, na batri kubwa ya kiduka alishaiazimisha bar ya jirani juu bantu baangalie mpira. Kazi ilipofika katikati, courant, ule umeme wetu, ikakatika. Iliporudi, ordinatere haikufunguka tena. Weusi mutupu, na ku kona ya juu ya kioo kamustari keupe, kanawaka, kanazimika.

Kahambu aliporudi, Kangwa angesema kweli, na miye leo ningekula bukari yangu kwa amani. Hapana. Alimuambia:

«Mama, uliileta imeshakufa. Chumvi ya samaki yako njo ilikula ndani.»

Kahambu akasema aliiona ikiwaka pale pa meza. Kangwa akajibu ya kama bakimbizi bote banasema vile, halafu akamulomba asisimame karibu ya baclient sababu ya harufu. Muke ya muntu, mwenye bwana yake alizikwa kando ya barabara. Mukono yangu inaniwasha mpaka leo. Lakini alimuahidi atajaribu tena, na Kahambu akaacha mashini pale. Kujaribu nini? Alishapata munafunzi moja wa université wa kumuuzishia. Kilibakia tu kufuta yote ya ndani na kuweka système mupya.

Ilianza na kitu kadogo. Kangwa alichomoa kamba ya courant, akaweka ordinatere juu ya etagère, ile rafu ya ku ukuta. Kamustari kakaendelea kuwaka. Akasema ni courant kidogo yenye ilibakia ndani. Kesho yake kalikuwa kangali. Kisha ventilateur, feni ya ndani ya mashini, ikaanza kupumua. Sisemi kuzunguka. Kupumua, sawa mwanaume mwenye anapanda mulima na muzigo.

Siku ya kufuta ilikuwa muchana, jua kali inje. Courant hakuna mu avenue yote. Kangwa akashusha mulango ya chuma mpaka nusu sababu ya mavumbi, akaunga mashini ku batri kubwa yenye bar ilisharudisha, akaweka kidole pa kufuta, na pale pale harufu ikamufikia, si ya samaki, ni ya udongo ya kaburi yenye mvua imenyeshea, na nyuma yake akasikia miguu inatembea mu matope, mu kiduka yenye sakafu ya sima ilikuwa kavu, miguu ikitoka ku mulango mpaka ku meza, ikirudia, ikianza tena, sawa muntu mwenye anaulizia nyumba kwa nyumba, na kila pahali miguu ilisimama, ordinatere moja ikafunguka, ile yenye haina disque, ile yenye kioo kilivunjika, ile yenye panya ilizaa ndani, zote nyeusi, zote na kamustari keupe, mpaka mu haut-parleur moja, spika yenye Kangwa mwenyewe alishakata nyaya, sauti ya mwanaume ikaita polepole, karibu ya sikio yake, sawa unaita mutoto mu nyumba ya bantu:

«Shalo. Shalo wangu. Uko wapi.»

Kidole ya Kangwa ilikuwa ingali pale pale. Sauti ikasema tena:

«Wewe uko na wako.»

Alifika ku nyumba miguu bila viatu. Alinipa telefone yake. Photo za Nono zote, hata miye niliziona: robe iko, viatu viko, misuko yenye nilisuka na mikono yangu iko. Pahali pa sura, weusi, na kamustari keupe.

Bamoja banasema jini, bamoja banasema muzimu. Miye sikutafuta jina. Nilimuvuta mpaka kwa Musonda, kule commune ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, muke mwenye anatoshaka lufu. Musonda hapendaki bantu na hafichaki. Alisikiliza yote, akatema mate.

«Miye ninafukuzaka mashetani,» alisema. «Huyu ni baba, anatafuta mutoto. Nimufukuze aende wapi?»

Akasema mama ya mutoto aitwe, na Kangwa aseme mambo yake juu ya mashini, kwa kinywa yake. Kangwa akaniinamia, akaninong'oneza:

«Kambo, tuseme bila yeye. Atanisema mu ville yote.»

Nilimupiga kofi. Docteur na ile koti yake.

Tulifunga kiduka, tukaingia bane: Musonda, Kahambu, Kangwa na miye. Musonda akamwanga bunga pa sima, akamuita Mbusa jina yake, akamuambia tunatafuta sura ya mutoto yake, tunamulomba njia. Ventilateur ilikuwa inapumua mbio. Kangwa akaweka mukono ku mashini na akasema:

«Ilikuwa inawaka. Miye njo niliiua. Mama, uliniambia photo kwanza, sikutosha. Kisha nikakudanganya, nikakufukuza.»

Kahambu hakumuangalia. Aliinamia ordinatere, akaisemesha Kinande, polepole, sawa muntu anasemesha bwana yake mu kitanda. Na ikafunguka. Shalom akatokea pale mbele yetu, anacheka, kinywa wazi, ile nafasi ya meno inaonekana. Kahambu akaikala chini mu bunga.

Kangwa akahamisha photo mu clé, ile flash ndogo. Ya mwisho ilipopita, mashini ikapumua mara moja, murefu, ikanyamaza. Niliigusa. Ilikuwa baridi sawa jiwe ya mutoni.

Tulizani imeisha. Musonda alikamata fagio, halafu akasimama. Mu bunga kulikuwa nyayo ya mwanaume, yenye maji na matope. Bidole habikuangalia ku mulango. Biliangalia kiti ya Kangwa. Musonda akauliza ile nyayo:

«Mpaka wakati gani?»

Shiye hatukusikia jibu. Kangwa alisikia, akaikala pa kiti.

Photo ya Shalom sasa iko Pweto, pa kamiyo za samaki zinasimamaka, na mu makanisa, na pa bateau. Kahambu alirudia kule na photo yake moja mu kifua. Mutoto hajaonekana.

Na Kangwa? Siku ile ile Nono alitoka ku masomo, akamukimbilia, na yeye akamusukuma, akauliza huyu ni mutoto ya nani. Photo za mu telefone zilirudi, shiye bote tunaziona muzuri. Yeye haoni. Ku photo haoni, ku mutoto mwenyewe haoni. Anaona robe, anaona viatu, anaona misuko. Pahali pa sura ni weusi, na kamustari keupe kanawaka, kanazimika. «Mpaka nione wangu.» Njo jibu yenye alisikia.

Nono alishazoea. Akifika anasimama ku mulango, anasema, Papa, ni miye Nono, kisha njo anaingia. Juzi meno yake mbili ya mbele yaling'oka. Kangwa akasikia tunacheka, akanifuata ku jiko, akaniuliza polepole sasa anafanana namna gani.

Sikumuambia ya kama anacheka sawa Shalom.