Damu Aliyoificha Dativa

Kila asubuhi Dativa alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akakimbia hadi shuleni. Alikuwa darasa la sita pale Ifakara, na alikuwa amechaguliwa kwenda kukimbia mashindano ya mkoa. Lakini mwaka huo alianza kuishiwa pumzi njiani, na kila wiki alitokwa damu puani. Vitambaa vya damu alivifukia nyuma ya choo. Mama akijua, atamkataza kukimbia.

Siku moja, wakipalilia mpunga, Dativa alikohoa damu tupu. Midomo yake ikabadilika rangi. Mama yake, Balbina, alimbeba mgongoni hadi barabarani huku akipiga kelele za kuomba msaada.

Hospitalini, makohozi hayakuonyesha kifua kikuu. Picha ya eksirei ilionyesha kivuli cha duara kwenye pafu.

"Huenda ni uvimbe," alisema Daktari Kelestini. "Kesho tutaingiza sindano tuchukue kipande cha nyama tukipime. Amewahi kutokwa damu mahali pengine?"

"Hapana," alijibu Mama. Hakuwa amekula tangu jana. Alishika rozari, lakini sala haikutoka. "Ni huyu mmoja tu, daktari. Sina mwingine."

Dativa alimtazama. "Mama, nisamehe. Pua inanitoka damu kila wiki. Nilikuwa naficha."

Daktari alikagua vidole vyake, akaona ncha zimevimba. Kwenye ulimi palikuwa na vidoadoa vyekundu.

"Sindano isubiri," alisema. "Kwanza CT scan."

Picha mpya ilionyesha fundo la mishipa ya damu.

"Damu inapita hapa bila kuchukua hewa, ndiyo maana unaishiwa pumzi," Daktari alieleza. "Na kuta za fundo hili ni nyembamba mno. Sindano ingelitoboa, na huenda tusingeweza kuizuia damu."

Mama akakaa sakafuni.

Walipelekwa Dar es Salaam. Mabingwa walipitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja hadi pafuni, wakaliziba fundo. Baada ya siku chache Dativa alipanda ngazi bila kuhema.

Waliporudi kliniki Ifakara, Daktari alimwambia, "Mashine inaona kivuli tu. Yale unayoyasikia mwilini tunayajua ukituambia. Ukificha, unatufumba macho. Na ugonjwa huu wa mishipa, unaotoa damu puani na kufanya fundo pafuni, hutembea kwenye ukoo."



"Basi nipime na mimi," akasema Mama. "Pua yangu inatoka damu tangu nikiwa msichana."