Redio ya Eufrosina na Maji ya Visima

Kila Jumamosi asubuhi Eufrosina alioka tortilla, chapati za mahindi, akala mbili akiwa amesimama, kisha akaenda redioni. Redio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mikate, katikati ya mashamba ya zabibu ya California. Siku nyingine zote alichuma zabibu kama wenzake. Jumamosi alizungumza nao kwa Kimixteko, lugha ya milima ya Oaxaca, kusini mwa Meksiko, walikotoka. Alitangaza misiba, harusi na mashamba yenye kazi. Hakulipwa hata senti, wala hakulalamika. Mwanamke yule alipenda kusema, na watu walipenda kumsikia.

Mwaka ule watu walimwuliza sana kuhusu maji ya visima. Ofisi ya maji ilikuwa imeleta barua, lakini kwa Kiingereza.

"Yachemsheni," aliwaambia redioni. Ndivyo mama yake alivyomfundisha kule milimani. Yeye mwenyewe aliyachemsha kila siku, akayakorogea maziwa ya kopo ya mjukuu wake Itandewi, mtoto wa miezi mitatu.

Jumapili moja alikuja Hermelinda, jirani yake, mhudumu wa afya wa mtaa. Alikuta sufuria inatokota.

"Maji ya nani hayo?"

"Ya maziwa ya malkia wako huyo. Yamechemka nusu saa nzima. Hakuna mdudu atakayetoka humo mzima."

Hermelinda hakucheka. Alizima jiko.

"Dada, moto unaua vijidudu. Lakini maji ya huku yana nitrati. Inatoka kwenye mbolea ya mashambani, inazama mpaka visimani. Hiyo haifi kwa moto. Maji yanapungua, nitrati inabaki. Ukichemsha sana, unaizidisha."

"Inamfanya nini mtoto?"

"Damu yake inashindwa kubeba hewa. Midomo inageuka buluu. Mtoto mchanga anaweza kufa."

Eufrosina alimbeba Itandewi, akamsogeza dirishani kwenye mwanga. Aliitazama ile midomo midogo, akaitazama tena. Haikuwa buluu, lakini hakuyaamini macho yake. Walikwenda zahanati siku ileile. Daktari akampima mtoto damu, akasema yu salama, ila tangu leo maziwa yake yakorogwe kwa maji ya chupa.

Njiani Eufrosina alilia.

"Mtoto mzima, sasa unalia nini?" Hermelinda aliuliza.

"Wangu mzima. Wa wenzangu je? Mimi ndiye niliyewaambia wachemshe."

Hakungoja Jumamosi. Jioni ileile aliomba ufunguo wa redio, akasema hewani, "Nilikosea. Msimpe mtoto mchanga maji ya kisima, hata yakichemshwa. Mpeni ya chupa mpaka kisima chenu kipimwe." Simu zikaanza kulia. Kila mama aliuliza swali moja: na kisima chetu je?

Eufrosina hakujua. Ili ajue, ilibidi visima vipimwe nyumba kwa nyumba, maabara ilipwe, na makaratasi ya ofisi ya maji yasomwe. Hiyo ni kazi ya mwandishi wa habari, si ya mtu anayechuma zabibu tangu alfajiri.

"Kuna mfuko unaotoa ruzuku," Hermelinda alimwambia. "Unasaidia redio na magazeti madogo ya watu wasiosikilizwa, wachunguze habari za mazingira. Ombeni."

"Sitaki."

"Kwa nini?"

"Umesahau tulivyolelewa? Ukiniletea bata mzinga kwenye harusi yangu, na mimi nitakuletea bata mzinga kwenye harusi yako, mkubwa vilevile. Hao wakinipa fedha, nitawarudishia nini? Ulimi wangu?"

Hakuwa anatania. Mwaka uliopita mwenye duka la mbolea aliipa redio maikrofoni mpya. Eufrosina alipotaja harufu ya dawa za mashambani, yule bwana alikuja mlangoni akatabasamu. "Mama, maikrofoni inafanya kazi vizuri?" Kisha akaenda zake. Eufrosina hakuitaja tena ile harufu.

Hermelinda alimshika mkono. "Yule alikupa cha kurudishiwa. Hii ni kama tequio. Kijijini barabara ikibomoka, si tunatoka wote na majembe? Nani anadai arudishiwe siku yake?"

"Hakuna. Barabara ni ya wote."

"Basi na habari hii ni ya wote. Lakini usiamini maneno yangu, usome mkataba kabla ya kutia sahihi. Uandikwe kwamba wao hawachagui mseme nini, wala hawasikilizi habari kabla haijatangazwa. Na ninyi mtaje redioni nani amewasaidia. Wakikataa, waachie fedha zao."

Waliandika ombi pamoja mezani. Eufrosina alitaka kuficha kwamba redio ni chumba kimoja na lugha yao haijulikani.

"Andika," Hermelinda alisema. "Redio kubwa haziwezi kuongea na mama zetu. Wewe unaweza. Hiyo ndiyo sababu ya kukupa."

Ruzuku ilipatikana baada ya miezi minne. Mkataba ulisema kama walivyotaka. Kwanza Eufrosina aliifuta vumbi ile maikrofoni, akaipeleka dukani, akaiweka juu ya meza ya yule bwana. "Ahsante, tumeshanunua yetu," alisema kwa heshima.

Sasa alilipwa siku tatu za juma. Alizunguka na chupa za maabara, akapima visima arobaini. Kumi na tisa vilikuwa vibaya kwa watoto wachanga. Alipokwenda ofisi ya maji kuuliza, akaambiwa kwamba barua ilishatumwa. "Kwa lugha gani?" aliuliza, na jibu lao akalitangaza.

Jumamosi iliyofuata alisoma majibu ya vipimo, kwa ruhusa ya kila nyumba. Alianza na kisima chake, ambacho kilikuwa kibaya kuliko vyote. Majuma matatu baadaye gari la maji safi lilianza kupita nyumba zile kumi na tisa, na ofisi ikaajiri mtu wa kusoma barua zake kwa Kimixteko.

Siku hiyo mama mmoja kijana alipiga simu redioni kutoka shamba la mbali. Hakuwa amewahi kupiga hata siku moja.

"Shangazi Eufrosina, uliposema tuchemshe, nilichemsha. Uliposema umekosea, niliacha. Mwanangu alianza kutambaa jana."

Eufrosina aliisogeza maikrofoni kando, akajifuta macho.

"Shangazi? Upo?"

"Nipo, mwanangu."

"Basi endelea. Tunakusikiliza."