Besi Katika Ukumbi wa Kahama

Rafiki yangu Telesphori hakupenda kulisimulia jambo hili, kwa sababu lilimtia aibu. Mwaka 1986 alipigia kinanda bendi moja ya Kahama. Siku bendi ilipopata sinthesaiza, kinanda cha umeme kinachoiga sauti za ala nyingine, yeye ndiye aliyemwambia kiongozi wao, Otmar, "Mashine hii inatoa hata besi. Naijua vizuri. Stanslaus na gitaa lake la besi wa nini tena?"

Stanslaus akaachishwa. Akaenda Geita kuchimba dhahabu, shimo likamfukia, na mwili wake haukupatikana.

Kumbe Telesphori hakujua hata pa kuanzia.

"Bonyeza noti ya chini kabisa," Otmar alimwelekeza mchana mmoja, "kisha zungusha swichi hii taratibu mpaka makali ya sauti yaishe, ubaki uzito mtupu." Akamwacha peke yake ukumbini, madirisha yote yamefungwa kuzuia vumbi.

Telesphori akabonyeza, akazungusha. Sauti ikanenepa, ikazama, mpaka sakafu ikatetema. Mara jenereta ikazimika na giza likajaa. Akaondoa mikono. Besi ikaendelea kuunguruma.

"Stani," alisema, "mimi ndiye niliyekufukuzisha. Nilidanganya. Nisamehe, ndugu yangu."

Besi ikakatika. Akapapasa kinanda gizani, akakuta kibonyezo cha ile noti ya chini kabisa bado kimebonyea, nacho kina joto. Akakiinua kwa ukucha.

Kikashuka tena, polepole.