Mbuzi Asiye na Mifupa

Harufu ilianza Jumatatu asubuhi, na wa kwanza kuinusa alikuwa Mehwish, binti mchoraji wa kampuni ya michezo ya simu. Ofisi yao iko ghorofa ya tatu pale mjini Multan, nyuma ya soko la vitambaa, na tangu jengo lisimame hakuna mbuzi aliyepanda ngazi zile. Lakini ile ilikuwa harufu ya beberu, tena beberu aliyeloa mvua. Mvua Multan mwezi wa sita nani kaiona?

"Nani kaja na viatu vya machinjioni?" aliuliza.

"Jinuse mwenyewe kwanza," mwenzake akamjibu, wakacheka.

Mehwish alipoinua chai yake akakuta unywele ndani. Mweusi, mfupi, mgumu kama wa brashi. Si wa kichwa cha mtu. Akaimwaga chai yote dirishani.

Mwenye kampuni ni Wajahat, mwana wa Bi Sughra, kijana mwenye akili na ulimi. Walikuwa na mchezo wao wa simu, mchezo wa shamba: unafuga ng'ombe, unapanda miwa, watoto wanaupenda kufa. Majira ya baridi Wajahat akapata wazo. Kwetu kule mtu akiugua, analetwa mbuzi mweusi, anazungushwa mara tatu juu ya kichwa cha mgonjwa, au mgonjwa anamwekea mkono mgongoni. Balaa linaingia kwa mbuzi. Anachinjwa, nyama wanapewa maskini, wenye nyumba hawaonji hata mchuzi. Mifupa hutupwa handakini nyuma ya makaburi, na anayetupa haangalii nyuma. Ndivyo ilivyokuwa tangu bibi wa bibi zetu.

Wajahat akamtia mbuzi yule kwenye simu. Unamnunua kwa rupia mia tano, unaandika jina la mgonjwa na anachoumwa, unaizungusha simu juu ya kichwa chake mara tatu. Simu yenyewe inahesabu. Kisha unabonyeza, mbuzi anaanguka. Hela zote zikaenda hospitali ya wenye figo. Nasema zote, kwa sababu kijana yule hakuiba hata senti, na ndiyo maana watu walibishana sana.

Mama yake alibishana naye kuliko wote.

"Mama, nyama inaliwa mara moja imekwisha. Mbuzi wangu wamenunua mashine ya kusafisha damu. Watu wanapona!"

"Mashine siikatai. Nakuuliza mbuzi yuko wapi."

"Kwenye simu."

"Ana damu?"

"Ana picha ya damu. Mehwish kaichora vizuri, utaogopa."

"Haya, na lile balaa alilobebeshwa linakwenda wapi? Kwenye picha?"

"Mama nawe! Mashehe wenyewe kwenye televisheni wamegawanyika. Nusu wanasema inafaa."

"Na nusu nyingine?"

"Nusu nyingine simu zao mbovu."

Bi Sughra akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Kicheko kile alikuja kukijutia.

Alhamisi adhuhuri akaja ofisini na chakula cha mwanawe, akimshika mkono mjukuu wake Harim, mtoto wa miaka sita, wa pekee kwa Wajahat, maana mama yake alikwisha fariki. Mtoto akasimama mlangoni, hataki kuingia.

"Baba, huyu mbuzi mbona kasimama wima kama mtu?"

"Mbuzi gani, roho yangu?"

"Huyo. Nyuma ya kiti chako. Anakunusa shingo."

Wajahat akageuka. Ukuta tu. Lakini ile harufu ilikuwa imejaa chumba kizima, na feni ilikuwa inaizungusha.

Harim alibembelezwa akaingia, akalala chini ya meza, na alipoamka alikohoa kikohozi cha mzee aliyevuta tumbaku miaka arobaini. Asubuhi kikohozi hakipo, mguu wa kushoto umekufa. Kesho yake mguu umepona, macho manjano kama manjano ya mchuzi. Madaktari wakapima damu, wakapima mkojo, wakasema mtoto mzima. Siku ya nane akaanza kusema majina, kwa sauti ndogo, kama mtoto anayekariri somo.

"Mimi Khuda Bakhsh wa Shujabad, kifua. Mimi Hajra wa Lodhran, mguu. Mimi..."

Mehwish alikuwa amekuja kumjulia hali. Alipoyasikia yale akatoa simu, akafungua orodha ya wanunuzi, akayafuatisha kwa kidole.

"Bwana Wajahat," akanong'ona, "ni wateja wetu. Khuda Bakhsh ndiye mnunuzi wa kwanza. Hajra wa pili. Anawafuata kwa foleni."

"Wako wangapi wote?"

"Elfu kumi na moja."

"Na wa kesho Ijumaa ni nani?"

Mehwish akasoma, akaigeuza simu kifudifudi. Bi Sughra akamtikisa bega. "Sema, mwanangu!"

"Mtoto wa Khanewal. Moyo. Madaktari walikwisha kata tamaa."

Ijumaa ile akaitwa Sain Allah Wasaya, mtu wa kusemezana na majini, mwembamba, na kikohozi chake mwenyewe. Alifika mchana jua liko utosini, umeme umekatika, kuta zinachoma ukizigusa, na mtoto yuko kwenye kitanda cha kamba uani, midomo imegeuka bluu, na kifua kinapiga mara moja, kinanyamaza, mpaka watu wote wanazuia pumzi wakingoja kipige tena, na katika kule kunyamaza wakasikia kwato, moja moja, taratibu, juu ya paa la saruji ambalo lilikuwa na moto wa kukaanga yai, zikitembea kuzunguka ua, mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu zikasimama juu ya kichwa cha Harim.

"Nyie kina nani?" Sain aliuliza.

Mtoto akafungua kinywa. Sauti zilizotoka zilikuwa nyingi, kama watu wa mlangoni wanaogombea kuingia.

"Wa handakini. Zamani mkitupa balaa tulilichukua, mkatupa na mifupa tukala. Mwaka huu mmetumwagia mabalaa elfu kumi na moja, na mfupa hakuna hata wa kidole."

Wajahat akapiga magoti. "Nitachinja! Nauza nyumba, nauza kampuni, nachinja wote elfu kumi na moja!"

Zikacheka. "Utawazungusha juu ya vichwa gani? Wenye vichwa utawatoa wapi? Halafu, mfanyabiashara, hatutaki mbuzi tena. Umetuzoesha njaa. Sasa tumezoea mtoto."

Sain Allah Wasaya akamvuta Wajahat pembeni. "Bwana, mimi kuwatoa siwezi. Wana haki, na jini mwenye haki hasikii kisomo. Kuna njia moja. Mtu azunguke kitanda badala ya mbuzi, mara tatu, aseme yaliyo juu yake yawe juu yangu. Lakini ajue anachosema."

Hajamaliza, Bi Sughra alikwisha simama, mtandio kaukaza kiunoni. "Mimi nazunguka. Nimeishi vya kutosha."

"Kaa, bibi," zikasema sauti. "Wewe hukuuza."

Basi Wajahat akazunguka. Mara ya kwanza alikuwa analia. Mara ya pili alijikwaa mguu wa kitanda, mama yake akamshika, naye akausukuma mkono wake. Mara ya tatu akasema maneno yale kwa sauti ambayo majirani waliisikia, akaenda chini amekumbatia kifua. Harim akakaa kitako, mashavu yamerudiwa na damu, akaomba mtindi.

Mtu atafikiri yule kijana alikufa siku ile kwa moyo wa mtoto wa Khanewal. Hawakumuua. Maiti habebi balaa. Alfajiri ya pili moyo ulimwachia akapofuka. Ya tatu akapata macho akapooza ulimi. Mehwish alimfuta yule mbuzi kwenye mchezo kwa mkono wake mwenyewe, akaufunga mchezo wote, akaacha kazi. Foleni haikusimama.

Wiki ya sita, asubuhi, Bi Sughra anamlisha mwanawe uji, mlango ukagongwa. Alikuwa bibi mmoja mwenye vumbi la basi, mkononi boksi la halua, na nyuma yake binti mwenye mimba, kajishika tumbo.

"Hapa ndipo kwa yule wa mbuzi? Dada yangu, nimetoka Khanewal kuja kuwabusu mikono! Mjukuu wangu moyo ulikuwa umekwisha. Tulizunguka na simu mpaka tukakata tamaa. Ijumaa moja mchana, akaamka, akaniomba mpira!"

Boksi la halua alilopewa likamlemea Bi Sughra. "Alhamdulillahi," akasema, na alimaanisha, na alitamani asimaanishe.

"Sasa huyu mkwe wangu anatoka damu. Nataka mwingine."

"Hatuuzi tena, dada. Tulikwisha mfuta."

"Mmemfuta wapi? Huyu hapa." Akamwonyesha simu. Mbuzi mweusi kasimama katikati ya shamba tupu, bei iko chini yake.

"Usibonyeze. Nakuomba kwa jina la huyo mjukuu wako, usibonyeze."

"Mama mwenzangu! Una mtoto ndani ya nyumba hii, unaniambia mimi niache wangu afe?"

Bi Sughra akafungua kinywa. Akamtazama yule binti, damu imefika kisiginoni.

Kutoka chumbani, kwa mwanawe ambaye ulimi ulikuwa umekufa tangu alfajiri, zikaja sauti nyingi, za upole kabisa:

"Muuzieni. Huyu hapangi foleni."

"Mungu amtunze mwanao," bibi wa Khanewal akasema, akainyanyua simu juu ya kichwa cha mkwewe. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Akabonyeza.

Binti akashusha pumzi, akajinyoosha. Ndani, Wajahat akaanza kulia kilio cha mwanamke anayepoteza mimba.