Paka Aliyetumwa na Mama Ubah

Idil alishuka kutoka Eldas Jumamosi asubuhi kuja kufunga chumba cha marehemu mamake, Mama Ubah. Kathure, mwalimu kutoka Meru aliyepanga chumba cha pili kwenye ploti hiyohiyo mjini Garissa, alikuwa uani akichagua mchele. Wakasalimiana, wakapeana pole, wakanywa chai ya maziwa ya ngamia. Kathure hakuwahi kuizoea chai hiyo, lakini siku hiyo aliinywa yote, maana hakuwa na uso wa kukataa chochote.

Kisha Idil akamwekea paka mapajani. Dume jeusi, zee, sikio moja limekatika, meno ya mbele hayapo. Jina lake Madobe.

"Huyu ni mzee, hakuna mtu atamtaka," Idil alisema kwa lafudhi ya Kisomali, ileile ya mamake. "Hooyo, mama yangu, alikubenda sana, mwalimu. Kaa na yeye."

"Nitakaa naye."

"Na ile siku, kweli hukusikia kitu?"

"Nilikuwa shuleni, walaal, ndugu yangu."

Idil akamtazama kidogo, akamwachia na ufunguo wa kile chumba, akaenda zake.

Ulikuwa uongo mtupu. Siku aliyokufa Mama Ubah, Kathure alikuwa ndani, ukuta mmoja tu kati yao. Ulikuwa ule mchana baada ya adhuhuri ambapo mji mzima hulala, na hata mbuzi hujibanza vivulini. Alijilaza, feni ikizunguka, redio ikiimba. Madobe akaja mlangoni. Akakwaruza na kulia, akakwaruza na kulia, mpaka Kathure akashikwa na hasira, akarusha kandambili, akapiga kelele: "Toka hapa! Nenda kwa mwenyewe!" Akaongeza sauti ya redio.

Majirani waliporudi kutoka sala ya alasiri walimkuta bibi sakafuni, nyonga imevunjika, amekwisha kukata roho kwa kiu na joto. Mwalimu alipoulizwa, lile neno "shuleni" likamponyoka, na baada ya hapo hakupata pa kulirudisha.

Alipomchukua paka, watu wakamsifu. Mwalimu wa bara, na roho nzuri hivyo! Sifa zile zilimchoma kuliko matusi. Alimnunulia Madobe maini huku yeye mwenyewe akila sukuma wiki, na bado hakuweza kumtazama machoni.

Mara ya kwanza alidhani ni panya. Mji ulikuwa umelala. Madobe alikuwa ameketi akiukabili ule ukuta wa kati, sikio lake zima limesimama. Upande wa pili, kwenye chumba kilichofungwa, kitu kizito kikaanguka. Puu! Kisha kucha zikaanza kukwaruza saruji, chini kabisa, karibu na sakafu.

Madobe akanyanyua mguu, akakwaruza kujibu.

Kathure akakimbilia redio. Redio ikazimika. Umeme ulikuwepo. Feni ilikuwa inazunguka.

"Mwalimu," sauti ikanong'ona. "Niba maji."

Akatoka mbio bila viatu.

Tangu hapo akawa hashindi nyumbani mchana. Siku za mapumziko alijificha kwenye chumba cha walimu, akisahihisha madaftari aliyokwisha kuyasahihisha. Lakini Madobe hakukimbia naye. Alibaki pale ukutani. Akaacha kula, kisha akaacha hata maji, mbavu zikaanza kuhesabika. Kathure alimnyunyizia matone mdomoni kwa kidole, na paka akageuza uso. Hapo mwalimu akaingiwa na hofu nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza: akiendelea kukimbia, atakuwa ameua mara ya pili.

Basi mchana mmoja alibaki. Alisubiri mpaka aliposikia kile kishindo. Akachukua ufunguo. Kufuli likagoma, kisha likafunguka.

Chumba kilikuwa kitupu. Zulia lilikunjwa. Jiko lilikuwa limefunikwa.

Madobe akampita, akalala chini kando ya ukuta. Manyoya ya mgongo wake yakalala, yakainuka. Yakalala, yakainuka. Taratibu, kuanzia shingoni mpaka mkiani. Paka akafumba macho, akaanza kukoroma kwa raha.

Hakukuwa na mtu.

Kathure akapiga magoti. "Nilikuwa ndani, mama," alinong'ona. "Nilimsikia paka. Nisamehe."

Manyoya yaliendelea kulala na kuinuka.

Alijikokota hadi uani, akampigia Idil simu, akamwambia yote huku analia: redio, kandambili, uongo.

"Najua," Idil alisema.

"Unajua?"

"Hooyo alinibigia akiwa ameanguka. Akasema, usiogobe, mwalimu iko ndani, nimetuma Madobe amwite. Halafu nikasikia wewe, kwa ukuta. Maneno sikushika. Nilisikia sauti yako tu, nikajua umefika. Nikasema alhamdulillahi." Akavuta pumzi. "Mimi ndio nilikata simu, mwalimu."

Kathure akaketi chini, mgongo ukutani.

"Nilikubatia Madobe nikingoja wewe useme," Idil akasema. "Kama wewe hungesema, mimi pia singeweza."

Walilia pamoja kwenye simu, kila mmoja na lake, mpaka adhana ya alasiri ikaadhiniwa.

Kelele zimekwisha sasa. Mchana ni kimya, na redio inaimba vizuri. Lakini Kathure aliporudi chumbani siku ile alikuta alama ya kiganja ukutani, upande wake yeye, chini pale ambapo mtu aliyelala sakafuni angefikia. Kiganja chembamba cha mtu mzima, kimelowa maji. Garissa, nguo hukauka kabla hujamaliza kuanika, ila alama ile haikauki. Ameifuta. Ameipaka rangi. Idil alikuja akaigusa, akaondoka na vidole vilivyolowa.

Madobe amenenepa tena. Bakuli lake la maji limejaa vumbi, maana haligusi. Kila mchana, mji ukilala, huenda pale ukutani akalamba mpaka akatosheka.